Kumfundisha Baba Mkwe Kukereza

Karakana yangu pale Kabati ilishikana ukuta na mashine ya kusaga unga, na nguvu yote ya mashine yangu ya kukereza ilitoka upande wa pili wa ukuta huo. Injini ya dizeli iliyosaga mahindi ya watu ndiyo iliyozungusha mbao zangu, kwa ukanda mrefu uliopita katika tundu tulilotoboa kwenye matofali. Akina mama wakija na mahindi, nami nilikuwa na kazi. Siku ambazo foleni yao ilikuwa fupi, nilifagia maranda mapema nikaenda nyumbani kumwagilia mipapai.

Kwa kuwa injini haikuzimwa kwa ajili yangu, niliendesha mashine kwa mti mmoja mrefu kama mpini wa jembe, uliotokeza karibu na kifua changu. Ukiuvuta kulia, ukanda ulihamia kwenye gurudumu la kazi na mashine ikaanza kuzunguka. Ukiusukuma kushoto, ukanda ulirudi kwenye gurudumu la bure, na mashine ikapunguza mwendo polepole mpaka ikatulia. Haikusimama papo hapo. Ilikuwa kama mtu mzito anayeshuka mteremko: amesikia umemwita, lakini lazima apige hatua kadhaa kwanza.

Mbele ya mashine hiyo kulikuwa na kile ambacho sisi mafundi tunakiita chaki. Ni pande la chuma la mviringo, zito kama sufuria iliyojaa uji, lenye taya nne zinazosogea pamoja. Unaingiza ufunguo wake ubavuni. Ukiuzungusha huku, taya zinakaribiana na kubana mti. Ukiuzungusha kule, zinaachia. Uzuri wake ni kwamba inaushika mti kwa kitako tu, na kuacha tumbo lote wazi, kwa hiyo unaweza kuchimba bakuli mpaka ndani kabisa. Niliinunua ikiwa imetumika, pamoja na mashine yenyewe, kutoka karakana moja iliyokuwa ikifungwa kando ya barabara ya Mombasa. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho, watoto wetu wakiwa bado wadogo, na mimi nilijiona mtu aliyebarikiwa.

Baba mkwe wangu alikuwa mchongaji wa viti kule Kalamba. Hakuwa na mashine wala hakuitaka. Alikuwa na tezo, kisu, na magoti yake mawili ya kushikia mti. Viti vyake vya miguu mitatu vilikaliwa na wazee wa pande zote za Makueni. Kisha mwaka mmoja, akipanga mbaazi juu ya ghala, ngazi iliteleza akaangukia bega la kulia. Mfupa uliunga, lakini mkono haukupanda tena kupita kifua. Na tezo, kama umewahi kuishika, ni kazi ya kuinua. Bila kuinua hakuna kuchonga.

Mke wangu alikwenda kwao kuwasalimia akarudi ameinamisha kichwa.

"Baba anakaa tu," aliniambia. "Anaangalia mti uliolala uani, halafu anaangalia mkono. Mama anauliza kama kwenye hiyo mashine yako hakuna kazi ya mtu asiyeinua mkono."

Mama mkwe aliuliza kupitia kwa binti yake kwa sababu yeye na mimi hatukuzungumza ana kwa ana. Sisi Wakamba tuna heshima ya wakwe inayoitwa nthoni, na wakati ule ilishikwa sana. Nikimwona mama mkwe anakuja njiani, niliingia kichakani kana kwamba nimeona kitu cha maana huko, naye alifunika uso kwa leso akapita. Kwa baba mkwe mambo yalikuwa mepesi kidogo: tuliweza kusalimiana, hata kuketi pamoja, mbali kidogo. Lakini humpingi baba mkwe. Humfokei. Humwamrishi. Ukitaka asogee, unasema jua limekuwa kali upande huo.

Nilijibu kwamba kazi ipo. Basi akaja kwa basi, amevaa koti lake la kanisani na kofia, na kifurushi cha nguo mkononi. Kwa kuwa baba halali nyumbani kwa binti yake aliyeolewa, alifikia kwa ndugu yake wa ukoo, nyuma ya soko. Hakusema amekuja kutafuta nini. Hakuwa na haja ya kusema. Alikuja kujua kama bado ni mtu wa miti, au kama hayo yalikwisha siku ile ya ngazi.

Jambo la kwanza lilikuwa koti. Mikono ya koti lile ilikuwa mipana, na mkono mpana wa koti mbele ya kitu kinachozunguka ni sawa na kumpa mbwa kona ya shuka. Lakini utamwambiaje baba mkwe avue koti mbele yako? Nililala nikifikiri. Asubuhi mke wangu akampelekea vazi jepesi la kazi alilolishona yeye mwenyewe, lenye mikono iliyobana vifundoni na vifungo mpaka shingoni.

"Baba, vaa hili, koti lisichafuke," akasema, na habari ikaishia hapo.

Jambo la pili lilikuwa ufunguo. Siku hiyo ya kwanza alifunga kipande cha jakaranda kwenye chaki, akakaza vizuri kabisa, kisha akauacha ufunguo ubavuni na kunyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye mti wa kuanzishia. Msomaji ambaye hajawahi kukereza, niruhusu nieleze. Ufunguo ukiachwa humo na mashine ikazunguka, unarushwa kama jiwe la kombeo, au unapiga mkono wa aliye karibu. Hakuna kosa linalofanywa kwa urahisi zaidi, na hakuna linaloepukika kwa urahisi zaidi. Sheria ni fupi: mkono usiachane na ufunguo maadamu ufunguo umo kwenye chaki. Ukitoka kwenye chaki, uende moja kwa moja kwenye ndoano yake.

Nilimwona anauacha. Nikasogea, nikaigonga mashine kwa kiganja, nikaiambia hivi, kwa Kikamba:

"Mashine, wewe, unataka kuondoka na ufunguo ubavuni?"

Mzee akanitazama. Akautazama ufunguo. Akauchomoa na kuutundika.

"Mashine," naye akasema, bila kunitazama, "mwambie mwenyewe wako kwamba nilikuwa namjaribu nione kama anaangalia."

Upande wa pili wa ukuta walikuwa wamejaa akina mama na mabeseni yao. Alikuwako mmoja muuza ndengu sokoni, mwenye sauti iliyoshinda injini.

"Nani anaongea huko?" akauliza.

"Ni huyu mkereza anaongea na chuma," mwenzake akamjibu.

"Na chuma kinajibu?"

"Kinajibu! Tena kwa sauti ya baba mkwe wake!"

Walicheka mpaka unga ukapeperuka. Lakini sisi wawili tulikuwa tumepata njia. Kuanzia hapo, nilimfundisha mzee kwa kuisema mashine. Nilipoona amefungua taya mno ili zipokee gogo kubwa, nilisema, "Mashine, taya zako zimetoka nje sana, utazitema," naye akalitoa gogo, akalipunguza kitako, akarudisha taya ndani. Hilo nalo ni la kukumbuka: taya zikitoka nje sana zinashikwa kwa meno machache tu huko ndani, na kitu kinachoshikwa kwa meno machache hakidumu. Nilipomwona amesimama mkabala na mti, nilisema, "Mashine, usimwanzie mtu aliye mbele yako, mwache akae ubavuni kwanza." Naye alisogea ubavuni, akazungusha mti kwa mkono duru moja kuona kama unagusa popote, ndipo akavuta.

"Mashine hii ina maneno mengi," alilalamika siku moja.

"Mzee, imezeeka."

"Imezeeka kuliko mimi?"

Nikaendelea kunoa patasi.

Siku moja katikati ya wiki alifika kabla yangu. Nilimkuta ameketi, anatabasamu, na chaki inang'aa. Alikuwa ameipaka mafuta ya mbarika kwa unyoya wa kuku, kila mahali, mpaka ndani ya tundu la ufunguo. Mchongaji hupaka mafuta hayo mpini wa tezo, hupaka kiti kilichokwisha, hupaka hata visigino vyake wakati wa kiangazi. Kwake, kupaka kitu mafuta ya mbarika ni kukipenda.

Nilishukuru. Tukafanya kazi. Kufikia saa nane taya zilianza kwenda kwa kushtuka, na kabla ya jioni zilikataa kabisa. Vumbi la mbao lilikuwa limeingia kwenye yale mafuta mazito na kugeuka kitu kama ugali uliolala.

"Mashine imevimbiwa," nikasema.

"Ililishwa na nani?" mzee akauliza, akijua.

Tuliifungua pamoja, na hiyo ikawa alasiri nzuri kuliko zote tulizokuwa tumeshinda pamoja. Kwanza tuliikingia ubao chini, chaki isije ikatuponyoka na kuvunja kidole cha mguu. Tukaifungua kutoka kwenye mashine, tukailaza juu ya gunia. Tukatoa taya moja moja, tukazipanga kwa mfuatano, kwa sababu kila taya imepigwa namba na kila namba ina mlango wake. Ukizichanganya, hazikutani katikati. Kisha nikaondoa kifuniko cha nyuma, na mzee akaona kilichomo: mfereji mmoja wa chuma unaojizungusha kutoka katikati hadi nje, ambao ndio unaozivuta na kuzisukuma taya zote kwa wakati mmoja.

Aliinama karibu. Akapitisha ukucha ndani ya mfereji ule, polepole, toka ndani mpaka nje.

"Kumbe ndani kuna konokono," akasema.

Sikuwa nimemwona na uso huo tangu aje. Ilikuwa kana kwamba ametambulishwa kwa jamaa wa ukoo ambaye hakujua yupo. Alichukua brashi mwenyewe. Tulisugua kwa mafuta ya taa, tukafuta, tukakausha juani. Kisha nikatia matone machache ya mafuta mepesi ya cherehani kwenye mfereji, na tukayafuta tena mpaka kidole kikipita kilibaki na dalili tu. Chaki ya chuma cha kawaida yahitaji kulainishwa, ndiyo, lakini kidogo mno. Chaki ya kukerezea mbao hufanya kazi katikati ya vumbi, na vumbi hutafuta mahali pa kunata. Ni afadhali brashi kila jioni kuliko mafuta mengi kila wiki. Tulifuta pia zile nyuzi za mashine, mithili ya skrubu, ambazo chaki hukazwa juu yazo, maana randa moja likibaki hapo, chaki hukaa upande na mti wote huzunguka kama mlevi.

Tangu siku hiyo chaki ikawa mikononi mwake. Aliifagia kila jioni kabla ya kunawa, na hakuruhusu mtu mwingine aishike brashi ile.

Wiki iliyofuata aliniletea kazi yake mwenyewe, gogo la mukau lililotoka upande wa Ikutha, bichi, likinukia bado. Mchongaji hupenda mti mbichi kwa sababu ni laini chini ya tezo. Kwenye mashine nao ni raha: maranda hutoka marefu kama utepe, na maji ya mti hukurukia usoni. Mzee alikereza nje ya bakuli, akachonga kitako kidogo nyuma ili chaki ikishike, akaligeuza, akakikaza, akaanza kuchimba ndani. Patasi aliiegemeza kwenye egemeo, kile chuma kinachokaa mbele ya mti, kwa mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia aliushikilia mpini ubavuni pake, chini ya kifua. Hakuhitaji kuinua kitu. Alikuwa amelowa ndevu na anacheka.

"Unaona?" aliniambia, mimi mwenyewe, si mashine. "Bega halijaulizwa chochote."

Ilikuwa Jumamosi, na kusaga kulifungwa mapema. Bakuli lilikuwa limefika nusu. Alifanya kile ambacho wachongaji wote hufanya: alilifunika kwa gunia lililoloweshwa maji, mti usije ukapasuka, akaliacha palepale kwenye chaki. Jumapili tulikwenda kanisani, yeye na ndugu yake wa ukoo benchi la mbele, sisi nyuma. Upepo wa msimu ule ulikuwa mkavu, ule unaopasua midomo.

Jumatatu alifunua gunia. Lilikuwa limekauka na kuwa gumu kama bati, lakini bakuli halikuwa na ufa hata mmoja, na alifurahi. Mimi nilikuwa mlangoni nanoa patasi. Niliona anaweka egemeo mahali pake. Ufunguo uko kwenye ndoano. Amesimama ubavuni. Mikono ya vazi imebana. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimoja, nami nilikiona ukanda ulipohama na bakuli lilipozunguka duru mbili za kwanza: lilikuwa linatikisa kichwa.

"Mashine," nikaanza, "ebu—"

Bakuli halikungoja. Liligonga egemeo, likaruka juu ya benchi, likapita mlangoni karibu na sikio langu, likatua barazani kwa wasagaji, ndani ya beseni la yule muuza ndengu. Wingu la unga likapanda. Kisha yule mama akatokea mlangoni, mweupe kutoka nywele hadi kiunoni, amelibeba bakuli kwa mikono miwili.

"Mkereza!" akasema. "Hiyo mashine unayoiongelesha, imezaa!"

Wote walicheka, na mimi kwa kujua hakuna aliyeumia nilicheka pia. Mzee hakucheka. Aliusukuma kushoto ule mti wa kuanzishia, akangoja mpaka chaki ikatulia kabisa, akavua lile vazi la kazi, akalikunja. Alivaa koti lake na kofia. Akatoka, akapita katikati ya akina mama, nao wakaacha kucheka.

Alasiri mke wangu akaenda kwa ndugu wa ukoo akarudi mbio.

"Amefunga kifurushi," akasema. "Basi la asubuhi. Anasema tangu ajue kutembea, mti haujawahi kumtoka. Anasema sasa amejua alichokuja kujua."

Nilielewa kwamba akipanda basi lile hatashika mti tena. Nililichukua bakuli, nikafuta unga, nikaenda, mke wangu nyuma yangu. Jua lilikuwa bado juu ya paa za soko. Mzee alikuwa ameketi nje kwenye kiti ambacho, bila shaka, alikuwa amekichonga yeye mwenyewe zamani. Nilisalimia, nikaketi juu ya gogo, mbali kidogo, kama inavyopasa.

Nilimpa bakuli, sehemu ya kitako juu. Alama za taya nne zilionekana, nyembamba.

"Mzee, shika hapo," nikasema. "Jumamosi kitako hiki kilijaza taya za chaki. Leo nimekirudisha humo, na kati ya mti na taya ukucha unapita."

Alikishika. Alikizungusha. Vidole vyake vilijua kabla sijamaliza.

"Kimekonda," akasema.

"Gunia lilifunika tumbo. Kitako kilikuwa chumani, nje ya gunia, upepo wote wa Jumapili ukikipiga. Mti mbichi ukikauka unanywea. Chaki haikulegea. Mti ndio ulioondoka kwenye chaki."

Kuku wa jirani walipita.

"Mimi mti nilikuwa naushika kwa magoti," akasema hatimaye. "Ukinywea, magoti yanajua. Yanakaza yenyewe, hata siyaambii."

"Chuma hakina magoti, Mzee. Ndiyo sababu tunakiuliza kwa ufunguo. Kila tukirudi kutoka chakula, tunakiuliza. Ukilala, afadhali mti utolewe kabisa, ulazwe ndani ya maranda, kesho ufungwe upya. Na mti mbichi unakazwa hata katikati ya kazi."

"Hm." Alikigeuza tena. Kisha akainua macho. "Wewe uliona?"

"Niliona."

"Kabla halijaruka?"

"Kabla kidogo."

"Na ulisema nini?"

Nilitazama chini. "Nilisema, 'Mashine, ebu.'"

"Ebu?"

"Ebu."

Uso wake ulikaa vilevile kwa muda, halafu mabega yakaanza kutikisika, lile zima na lile bovu, mpaka akalishika lile bovu kwa mkono kwa maumivu huku anaendelea kucheka. "Ebu!" akasema. "Ningezikwa na 'ebu' sikioni!"

"Baba, huyu usimlaumu," mke wangu akasema kutoka nyuma ya mlango. "Huyu hata kuku anawaomba watoke jikoni."

Mzee alifuta macho. Alikuwa mtu aliyefikiri taratibu, na tulimngoja.

"Kule karakana kuna msumari mlangoni?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Piga mmoja. Kesho nikifika nitatundika kofia hapo. Kofia ikiwa msumarini, baba mkwe wako hayumo ndani. Aliyemo ni mtu anayefundishwa kazi, na huyo hufokewa kama wengine wote. Kofia ikirudi kichwani, unaniambia jua limekuwa kali, kama kawaida."

"Mzee, watu watasemaje?"

"Watu," akasema, "wananilipia bega?"

Nilipiga msumari ule kabla ya kiamsha kinywa. Alikuja na kofia, akaitundika, akavaa lile vazi la kazi. Bakuli la mukau lilikuwa limesalimika, ila mdomo wake ulikuwa na jeraha. Alisawazisha kitako, akakifunga upya, akakaza, akangoja kidogo, akakaza tena. Akashika bakuli kwa mikono miwili na kulitikisa kwa nguvu, kama mtu anayejaribu nguzo ya boma. Halikusogea. Ndipo akatundika ufunguo na kulizungusha kwa mkono.

Ilinichukua muda kujifunza kufoka. Msumari ulikuwa umepigwa, lakini ulimi ulibaki wa mkwe. Nafasi ilikuja alipofika kwenye kupiga msasa. Aliondoa egemeo kwanza, kama inavyotakiwa, vidole visije vikabanwa kati yake na mti. Vizuri. Alipiga msasa wa kwanza na wa pili. Kisha akachukua kitambaa cha kung'arishia, na ili kisimponyoke, akakizungushia kidole, mara mbili, na kukisogeza kwenye mti unaozunguka. Kitambaa kikishikwa na mti, huvutwa pamoja na kidole kilicho ndani yake.

"ACHIA HICHO KITAMBAA!"

Sikujua ninayo sauti hiyo. Upande wa pili wa ukuta kila mdomo ulifunga. Hata aliyekuwa akimimina mahindi aliacha debe hewani.

"Uwi," muuza ndengu akasema polepole. "Amemfokea baba mkwe wake."

Mzee alikuwa amekiachia kitambaa, kikaanguka. Alisukuma mti wa kuanzishia kushoto, akangoja chaki itulie, akageuka kunitazama.

"Kwa nini kelele ndogo hivyo?" akasema. "Na injini yote hii."

"Mzee, umesikia lakini."

"Nimesikia kwa bahati." Akaokota kitambaa, akakikunja kuwa kipande kidogo, akakishika kwa ncha za vidole ili kiweze kumtoka kikitaka. Akanionyesha. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha akainua sauti kuelekea ukutani. "Na nyinyi huko, kofia iko msumarini! Sageni unga wenu!"

Hakupanda basi lile la asubuhi, wala lingine wiki ile. Aliendelea kuja. Bakuli lile la kwanza alimpelekea muuza ndengu, kwa sababu, alisema, lilikuwa limeshachagua nyumba. Mengine yaliyofuata yalikuwa mepesi zaidi, na kuta zake nyembamba zaidi, na kwenye midomo yake alianza kuchonga kwa kisu vijistari kama vile alivyokuwa akitia kwenye viti. Mwisho wa mwezi alipokwenda Kalamba, mama mkwe alituma neno kupitia kwa mke wangu: mzee analala usingizi, na asubuhi anaondoka mapema kwenda kuangalia miti ya watu.

Siku moja ya miezi hiyo niliingia karakana nimebeba mbao begani, bado nafikiria bei yake. Mzee alikuwa kwenye mashine na bakuli kubwa kuliko yote aliyowahi kufunga. Nilikata njia fupi kupita mbele yake.

"TOKA HAPO MBELE!"

Niliruka. Mbao zilianguka zote. Nyuma ya ukuta mtu alipiga kigelegele.

Mzee alikuwa na ufunguo mkononi. Alikaza, akangoja, akakaza tena, akautundika. Akalitikisa bakuli. Akalizungusha kwa mkono duru moja, akiinamisha sikio. Alinitazama kuhakikisha kwamba nimefika ubavuni, na mbao zangu, na miguu yangu yote miwili.

"Haya," akasema, akauvuta mti wa kuanzishia.